Jibu la Kumpa Aliye Ndani ya Tangi

Futeni jasho la paji la uso kabla ya kuvaa miwani ya mafunzo. Naanza na hilo kwa sababu hakuna mwingine atakayewaambia. Jasho likigusa vioo, kiwanda chote unachokiona humo kinajaa ukungu, na mtu anafeli mtihani kwa sababu ya joto la kichwa cha aliyemtangulia. Dada zangu mliosuka, fungeni nywele chini kisogoni, maana mkanda wa miwani haupatani na fundo la juu. Na aliyetoka kunywa chai na mandazi asiwe wa kwanza. Macho yanakwambia unatembea, tumbo linakwambia umesimama, na hivyo viwili vikibishana, hushinda tumbo.

Mimi sipo tena kazini. Wengine hustaafu kwa umri. Mimi nimestaafu kwa mapafu, na hamsini bado sijaifikia. Daktari amenikataza hata kukaa karibu na jiko la mkaa. Nimepanga chumba Rebero, juu kwenye upepo, na mara nyingi naamka nikitaka kupanda basi kwenda popote, kama nilivyofanya ujana wangu wote. Nililelewa Karagwe, nikaosha ngozi Mwanza, nikapika sabuni Bujumbura, nikachanganya rangi Kampala, halafu nikarudi nchi ya wazazi wangu na kufungua mifuko ya kemikali hapa Kigali. Siku nyingine nashuka hadi stendi ya mabasi ya Nyabugogo, nasikiliza wakiita abiria wa miji niliyowahi kuishi, kikohozi kinanikumbusha mimi ni nani sasa, napanda mlima tena. Basi nakaa na kukumbuka, na ninayoyakumbuka nawaandikia ninyi mnaoanza.

Wakati wangu wa kujifunza hapakuwa na miwani. Bujumbura nilifundishwa na Mzee Ferdinandi, Mrundi mwembamba aliyesali rozari kwa sauti huku akipima soda kali ya sabuni. Kabla mtu hajashuka kwenye shimo la maji machafu, Mzee alimshusha kwanza jogoo ndani ya kikapu. Jogoo akipanda na kelele zake, tunashuka. Akipanda amelala, tunasubiri. Jogoo mmoja alidumu hadi akapata heshima kuliko msimamizi wetu, tulimwita Diregiteri, yaani mkurugenzi. Alipokufa hakuna aliyekubali kumla. Si kwa huzuni. Tulijua alichovuta.

Lakini somo la Mzee halikuwa jogoo. Mtu akishuka, yeye alilala kifudifudi ukingoni akimwongelesha bila kukoma. Alimuuliza habari za mke, za mbuzi, za mpira. "Nijibu," alisema, "hata kwa tusi nijibu." Jibu likikawia, kamba inavutwa. Alinieleza sababu. Gesi inayokaa kwenye tope la viwandani hunuka kama yai viza, halafu harufu inakoma. Mgeni wa kazi hufikiri gesi imekwisha, kumbe ni pua yake iliyokufa. "Pua hutangulia," alisema Mzee, "na mwenyewe hachelewi kuifuata."

Hilo mlishike, kwa sababu ndani ya miwani hakuna harufu.

Kiwanda changu cha mwisho, hapa Kigali, kilitengeneza rangi na dawa za kusafishia. Nyuma kabisa, chini ya sakafu, kulikuwa na tangi la maji machafu: mfuniko wa chuma, ngazi nyembamba, pampu chini, na tope lililobaki baada ya maji kunyonywa. Lilipaswa kusafishwa kila mara. Mwenye kiwanda alipoleta miwani ya mafunzo alimleta pia Aline, binti aliyekulia Kampala, wa kuendesha kompyuta. Mimi nikawekwa naye kwa sababu nilikuwa nimeingia matangi ya nchi nyingi. Yeye alijua mashine, mimi nilijua tope. Tulielewana.

Ukivaa ile miwani unajikuta umesimama ndani ya kiwanda chako, na mikono yako imekuwa ya buluu. Bomba linapasuka, unatafuta valvu. Tindikali inamwagika, unachagua njia ya kukimbilia. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama karibu na mtu ili asigonge ukuta wa kweli akikimbia moto wa uongo. Nimepigwa ngumi nyingi zisizo na hatia. Mzee mmoja wa ghala alivua viatu kabla ya kuvuka dimbwi ambalo halikuwepo. Mama mmoja wa kufungasha alikutana na sanamu la mfanyakazi, akalisalimu, "Mwaramutse," akasubiri. Sanamu halikujibu. Alivua miwani akasema yeye hawezi kufanya kazi na watu wasioitikia salamu.

Somo zito lilikuwa la tangi. Unafika, unamkuta mtu ameanguka chini kwenye tope. Ukishuka kumwokoa bila mtungi wa hewa, giza. Na wewe umekufa. Ukibaki juu, ukabonyeza king'ora, ukawasha feni, ukazungusha mpini wa winchi inayovuta kamba yake, umefaulu. Mashine inapiga muziki mdogo na sauti ya mwanamke inasema "Hongera."

Watu wote walifaulu. Aline alifurahi.

"Kaka, iko vizuri. Hakuna hata mmoja ameingia."

"Wamemwacha nani?" nilimuuliza.

"Huyo mtu wa chini."

"Ana jina?"

Akanionyesha kioo cha kompyuta. Sanamu lile lilikuwa na kofia ya njano na uso kama yai. Nani atashindwa kuliacha?

Mwanza niliwahi kuona watu watatu wakitolewa katika shimo moja. Wa kwanza aliteleza. Wa pili alikuwa mdogo wake. Wa tatu alikuwa akipita tu, akasikia wanaita. Huyo wa kwanza ndiye peke yake aliyekuwa na kazi mle ndani. Na hapa kwetu jambo hili ni gumu zaidi. Mtu akipiga kelele ya kuomba msaada, aliyesikia anakwenda. Ndivyo tulivyofundishwa, na asiyekwenda jina lake linabaki na doa. Tena katika nchi hii wapo watu waliokua wakijua ni mlango upi ulifunguliwa walipoita na upi haukufunguliwa. Sitasema zaidi ya hapo. Wawili kati ya watu hao nitawataja sasa: Saveri, aliyekuwa akisafisha tangi letu, na dada yake Beata, anayeuza unga na mchele mtaa wa Niboye.

Saveri alifanya kazi na Deo, mume wa Beata. Mmoja akishuka, mwingine anabaki juu na kamba. Saveri ni mtu wa maneno machache. Deo aliyatumia ya wote wawili.

Nikamwambia Aline tuweke sauti za watu wenyewe. Alikubali baada ya kubisha kidogo. Tulijifungia kwenye ghala la mifuko, mahali pasipo na mwangwi, na kila mmoja akamwita mwenzake kana kwamba anakufa. Wengine walicheka tu. Deo aliomba tuzime taa, akapiga magoti, akaita kwa Kinyarwanda: "Saveri we, ntabara. Ndapfuye." Njoo uniokoe, ninakufa. Aline aliacha kubonyeza vitufe. Deo akasimama akapangusa magoti. "Mmeona? Ningekuwa nimeajiriwa redioni saa hizi. Hii ni hasara ya taifa."

Tangu siku hiyo watu walianza kushindwa mtihani. Wengi walishuka. Saveri alishuka kila mara. Alisikia jina lake, akaachia mpini wa winchi, giza. Anarudia, giza. Mara moja alivua miwani akatapika kwenye ndoo, na Deo alikuwa pale akimngoja.

"Muramu," alimwambia, maana ndivyo tunavyomwita shemeji, "umekufa tena? Dada yako akibaki peke yake nani atambebea gunia?"

"Wewe si uko?"

"Mimi nilikufa kabla yako. Mimi ndiye niko chini."

Nilimtoa Saveri nje nikamwambia shida yake haikuwa miguu, ilikuwa mdomo. Anaitwa, ananyamaza, na ule unyamavu ndio unaomvuta ndani. Nikamkumbuka Mzee Ferdinandi ukingoni. Nikamfundisha ajibu kwa sauti kubwa huku mikono ikiwa kazini: "Nakusikia. Siingii. Wanakuja." Mpe sauti, nilimwambia, usimpe mwili. Alijaribu. Mara ya kwanza aliposimama hadi mwisho, kola ya ovaroli yake ilikuwa imelowa kama amenyeshewa. Baada ya hapo tukawafundisha wote maneno hayo, na watu wakaacha kufa ndani ya miwani.

Sasa naeleza kilichotokea nje ya miwani.

Ilikuwa asubuhi iliyofuata mvua kubwa. Pampu ya tangi ilikuwa imeziba. Deo alishuka, akiwa amefunga mkanda wa usalama mwilini, kamba imefungwa mgongoni kwa ndoano, Saveri juu kwenye winchi. Kipima gesi kilikuwa kimeshushwa kwanza na hakikulia. Hiyo ndiyo hila ya tope: likitulia halisemi kitu, ukilikoroga linatoa yote liliyoficha. Pampu ilikuwa nyuma ya bomba nene. Deo alipozunguka bomba, kamba ilinasa.

Sikilizeni hapa vizuri. Ndani ya miwani kamba haikuwa ikinasa. Ilipita katikati ya bomba kama moshi. Aline hakuwa amepewa programu ya kuifanya kuwa kamba ya kweli. Deo alikuwa amefanya zoezi la kuzibua pampu ndani ya miwani mara nyingi hadi mwili wake umesahau kwamba kamba ina unene. Kamba ilipomvuta nyuma hakupanda juu kuizungusha upya, kama angefanya mtu wa enzi ya jogoo. Aliifungua ndoano mgongoni ili amalize haraka, akachomeka mkono nyuma ya pampu, tope likakoroga.

Saveri alisikia kipima gesi kinalia. Alizungusha mpini. Kamba ilikuja nyepesi, ikatoka na ndoano tupu. Halafu Deo akamwita. Alimwita kwa jina na kwa yale maneno mawili.

Mimi nilikuwa chumba cha mafunzo. King'ora kilipolia tulichukua mitungi ya hewa na kukimbia. Nilipofika nilimkuta Saveri amelala kifudifudi ukingoni, feni imewashwa, mikono imeshika fremu ya winchi, anapaza sauti ndani ya shimo: "Deo, nakusikia. Siingii. Wanakuja. Deo, nakusikia. Siingii." Wafungashaji walikuwa wamefika kabla yangu na walikuwa wamesimama mbali wakimwangalia.

Nilishuka mimi. Nilimtoa. Kwenye simenti walimpulizia hewa, gari likaja, na hospitali wakatuambia lile tulilokwisha kulijua.

Je, Saveri angeshuka angemwokoa? Mnaniuliza hilo, najua, kila niliyemsimulia ameniuliza. Kipima gesi chetu kiliendelea kulia muda mrefu baada ya Deo kuwa juu. Nadhani tungetoa wawili. Lakini "nadhani" ni neno dogo, na dogo zaidi ukiwa msibani.

Maana maneno yalifika Niboye kabla ya jeneza. Waliosikia pale tangini walisimulia walichosikia, na hawakudanganya: Deo alikuwa anakufa, anamwita shemeji yake, na shemeji yake amelala ukingoni anamwambia siingii. Mtu asiye wa kazi yetu ataelewaje? Nilikwenda matangani kila jioni. Saveri alikuja pia. Hakuna aliyemfukuza. Ila hakuna aliyesogea kwenye benchi. Alikaa getini juu ya jiwe, na Beata alipita kuwasalimia wageni hadi mwisho wa safu, akageuka kabla ya kumfikia. Kaka yake wa tumbo moja. Walikuwa wamebaki wawili tu katika nyumba yao yote, na sasa alimpita kama nguzo.

Nilimwona Saveri akitazama chini, nikajua ninachokitazama. Mtu huyu atachukua begi lake aende, na hatarudi. Mimi nazijua safari za namna hiyo. Nimekaa kwenye mabasi na watu waendao hivyo.

Beata alinifuata nikiaga. "Wewe ndiwe Mutanzania," alisema. Ndivyo walivyoniita kiwandani. "Wewe ndiwe ulimfundisha kaka yangu amwambie hivyo mume wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Nitakuja nione."

Alikuja kweli, asubuhi, watu bado wapo msibani kwake. Alisimama katikati ya chumba cha mafunzo na kitenge chake, akasema, "Nivisheni."

Aline alinitazama. "Mama, hiyo sauti iliyomo humo ni ya..."

"Najua ni ya nani. Ndiyo imenileta."

Nilimfungia mkanda kisogoni. Nilisimama mbele yake, kama nilivyosimama mbele ya wengine. Aline akabonyeza. Mimi sikuona alichoona. Kisha kutoka kwenye vipaza sauti vya masikioni nikasikia, kidogo kama mdudu ndani ya kopo: Saveri we, ntabara.

Alikuja mbele kwa nguvu hadi akanigonga kifua. Nilimzuia kwa viganja na bado miguu yake ilisukuma.

"Mbona giza?"

"Umeanguka, mama. Umevuta gesi."

"Na yeye?"

"Yuko chini yako."

"Kwa hiyo hajatoka?"

"Hajatoka."

"Nirudisheni."

Tulimrudisha. Alishuka tena. Safari hii alishuka polepole, ameziba pua, kama anayetafuta njia tuliyomficha. Giza. Akaomba tena. Aline alikuwa analia na mikono yake inafanya kazi.

Mara ya mwisho Beata hakusogea. Aliinua mikono hewani, akashika mpini usiokuwepo, akauzungusha. Alikuwa na namna ya kuzungusha ya mtu aliyezoea kuvuta maji kisimani. Sauti ilipoita hakusema maneno yetu. Alisema, "Deo, ndi hano. Niko hapa. Niko hapa." Alisema hivyo bila kukoma hadi masanamu yenye mitungi ya hewa yalipofika ndani ya miwani. Na hapo mashine ikapiga ule muziki wake, na yule mwanamke akasema hongera. Aline alikurupuka kuzima, akaangusha kiti.

Beata alivua miwani mwenyewe. Akafuta vioo kwa pindo la kitenge kabla ya kunirudishia.

"Huyo wa kupongeza mtoeni."

"Tutamtoa," alisema Aline.

"Deo mwacheni. Na kamba yenu ifanyeni iwe kamba." Mtu alikuwa amemweleza kuhusu ndoano. Akanigeukia. "Haya maneno ya siingii, nani alitunga?"

"Mimi."

"Anayekufa anajua kama umeingia au hujaingia. Haina haja ya kumwambia. Mwambie uko hapo."

Ndiyo maana mkivaa miwani katika kiwanda kile leo mtafundishwa kusema "niko hapa". Hiyo kamba itawanasa kwenye bomba na mtapoteza subira. Rudini juu muizungushe upya, hata kama msimamizi anaangalia saa. Na sauti mtakayoisikia ikiita ni ya mtu, si ya mashine. Vijana wawili waliwahi kuiigiza wakati wa chakula. Sikuwagombeza. Niliwaambia alikuwa akiuma kucha, alikuwa anaimba kwaya vibaya, na mkewe anauza unga Niboye. Waliacha.

Beata alipotoka chumbani aliuliza Saveri yuko wapi. Saveri alikuwa amerudi kazini mara tu baada ya mazishi, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kukaa. Alikuwa uwanjani anaosha mapipa, ovaroli ameifunga kiunoni. Alipomwona aliacha mpira ukimwaga maji chini.

"Dada."

Beata alisimama upande wa pili wa pipa. Sisi tulibaki mlangoni; hakuna aliyetuita na hakuna aliyetufukuza.

"Alikusikia?"

Saveri alifikiri. Angeweza kusema ndiyo, nani angempinga?

"Sijui, dada," alisema. "Aliacha kuita. Mimi sikuacha."

Beata aliinama akafunga bomba, maji yakakatika. Akainuka.

"Vaa shati," alisema. "Kuna watu nyumbani na hakuna wa kuwapokea."

Walitoka getini, dada mbele, Saveri nyuma akihangaika na vifungo.